Ukuta wa Mama Nyangi

Tangu nikabidhi funguo za ofisi nimeshajenga banda la kuku, nikalibomoa, nikalijenga tena upande wa pili. Majirani wananitazama, wanatikisa vichwa. Mwanamke mzima, mstaafu, kutwa anazunguka uani na futi mkononi! Binti yule aliyekalia kiti changu ofisini alikuja kunisalimia, akaona hali, akasema, "Mama Bhoke, andika ya zamani. Utatulia." Haya, naandika. Hilo la kutulia tutaona.

Wenzangu mliobaki kazini, mkitaka kujua nilipanda cheo lini, nendeni masjala, faili lipo. Mimi nitasema habari za kuta, na hasa ukuta mmoja.

Niliripoti Tarime miaka ya ujamaa, nimetoka chuoni Dar es Salaam nimevaa viatu vya visigino. Mzaliwa wa huku huku, Mkurya wa kuzaliwa na kulelewa, na bado nikaja na visigino kwenye mji ambao mvua ikinyesha barabara inakuwa uji! Nilifika mlangoni pa ofisi ya mipango miji nimebeba kiatu kimoja mkononi, kingine kimebaki kwenye tope. Ndani alikuwapo Mzee Pastory, mkaguzi wa majengo, Mhaya mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa chini, binti."

"Nashukuru, nitasimama tu."

"Hakuna viti, ndiyo maana nimesema chini."

Meza yetu ya kuchorea ilikuwa mlango uliong'olewa mahali fulani, umelazwa juu ya mapipa mawili ya lami. Kitasa kilikuwa bado kipo, na kila mchoro wangu wa mwaka ule una kipande nilichokiruka ili kalamu isigonge kitasa. Tulikuwa na mnyororo wa kupimia, timazi yenye uzi wa kupimia wima wa ukuta, pima maji, na karatasi za kuchorea ambazo masika zilinyonya unyevu mpaka wino ukatambaa. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kupigilia vigingi vya kuonyesha barabara mpya itakapopita. Nikavipigilia vizuri sana. Kesho yake kila kigingi kilikuwa kimefungwa mbuzi, na mbuzi anapohamishwa malisho huhamishwa na kigingi chake. Barabara ile ilitembea mpaka nyuma ya kanisa. Mimi nilitaka kulia, Mzee Pastory akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na kifaa chake kikubwa kilikuwa kijiko cha chai. Alikuwa akipita kwenye ukuta anagonga lipu polepole, ameinamisha sikio. Lipu iliyoshika hulia kavu. Iliyoachia hulia kama debe tupu. Mimi sikuweza kwenda polepole, niligonga mara mbili nikataka kuandika ripoti. "Bhoke," aliniambia, "unakimbilia wapi? Ukuta umesimama hapa kabla hujazaliwa, utakusubiri umalize." Nilikasirika, maana kusubiri ni kitu ambacho damu yangu haikijui. Mpaka leo nikikaa sana miguu huniwasha.

Ndiyo maana nilifurahi waliponipeleka upande wa Serengeti. Huko karibu na Natta kulikuwa na kuta za mawe za watu wa zamani, maboma waliyojikingia na mifugo yao, na watu wa barabara walitaka kuziponda wapate kokoto. Niliambiwa nizipime kabla hazijapondwa. Nilizipima, nikagombana, nikaandika barua, nikagombana tena. Sehemu ilibaki. Sehemu nyingine leo ndiyo barabara yenyewe, na ukipita na basi unakanyaga ua wa mtu.

Lakini nilipokuwa pale nikipima jiwe kwa jiwe, nikaelewa namna mawe yale yalivyokaa bila saruji wala chokaa. Chini mapana, juu membamba. Kila hatua kuna jiwe refu limelazwa kukatisha, linashika upande wa nje na wa ndani. Nafasi ndogo zimejazwa vijiwe vilivyogongwa vikakaza. Wanaume wa pale walikuwa bado wanajenga mazizi hivyo hivyo, wakanionyesha, wakinitania kwamba mwanamke wa serikali anataka zizi na ng'ombe hana. Nilirudi Tarime na kucha zimekatika na moyo umenituna.

Sasa Tarime mjini kulikuwa na safu ya maduka ya zamani. Wengi wenu mmeiona, au mmeona iliyobaki. Waliyajenga wafanyabiashara wa Kihindi: kuta za mawe, mabati juu, na mbele baraza moja ndefu yenye nguzo za mbao, mtu anatoka duka la mwanzo mpaka la mwisho kwenye mvua asilowe. Wenyewe wengi walishaondoka, majumba yakachukuliwa na serikali, wakaingia wapangaji. Palikuwa na fundi saa, muuza chumvi, kinyozi, na katikati kabisa Mama Nyangi na hoteli yake ya chai na maandazi.

Mama Nyangi alikuwa mjane. Alizaa mabinti watupu, wote wameolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kwetu sisi mwanamke wa namna hiyo hakubali mji wake, yaani kaya yake na uzao wake, ufe. Anatoa ng'ombe, anaoa mke. Tunaita nyumba ntobhu. Watoto atakaowazaa yule mke ni watoto wa mji wa aliyemwoa, na aliyemwoa ndiye mwenye mji. Mama Nyangi alikuwa amemwoa Robi, msichana wa Nyamwaga, mpole, mwenye mikono myepesi kwenye unga. Robi alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Chacha. Jamani, mama yule alivyokuwa akimbeba Chacha sokoni! Ungedhani nchi nzima haijapata kuzaa mvulana.

Akaja bwana mmoja kutoka mkoani, mkubwa wetu wa mipango. Jina lake tuliache. Sisi tulimwita Bwana Mistari kwa sababu alipenda kila kitu kinyooke. Alisimama mbele ya safu ile, mikono kiunoni, akasema ni uchafu wa ukoloni, ibomolewe, pajengwe duka kubwa la ushirika na uwanja wa mikutano. Wapangaji watahamia vijijini, kila mkuu wa kaya na kiwanja chake. Kisha akaanza kuuliza watu mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Nyangi mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika ubao wa kuandikia.

"Mumeo yuko wapi?"

"Alikufa."

"Basi wewe utakwenda Susuni kwa shemeji yako. Na huyu binti?"

"Huyu mke wangu."

Bwana Mistari alinigeukia mimi kama kwamba nimemfundisha mama yule maneno. "Anasema nini?"

"Anasema amemwoa, bwana."

"Mwanamke amemwoa mwanamke?"

"Ng'ombe nilitoa mimi," alisema Mama Nyangi, huku anamimina chai kwenye kikombe cha mteja wala tone halidondoki. "Muulize baba yake."

"Mama, serikali haina kiwanja cha mambo hayo. Wewe Susuni. Binti arudi kwao Nyamwaga na mtoto wake."

Hapo ndipo chai ilipomwagika nje ya kikombe. Maana alichosema kilikuwa hivi: mji wako haupo. Mke si mkeo, mtoto si wako, na wewe ni mzigo wa shemeji. Huko Susuni yule shemeji alikuwa amesubiri miaka amrithi mjane wa ndugu yake, pamoja na kila kilichobaki. Robi alimkumbatia Chacha akaingia jikoni, tukasikia analia. Kama safu ile ingebomolewa, ule mji ulikuwa umekwisha siku hiyo hiyo.

Nilirudi ofisini nikazunguka ile meza ya mlango mpaka Mzee Pastory akaniambia natifua vumbi. Nikamwambia tuandike ripoti kwamba majengo ni mazima. Akachukua kijiko chake, tukaenda. Fundi saa, pazuri. Muuza chumvi, pazuri, chumvi imekula lipu tu. Kwa Mama Nyangi aligonga ukuta wa nyuma, akagonga tena, kisha akateremsha timazi. Uzi ulikaa mbali na ukuta upana wa kiganja. Ukuta ule ulikuwa umetoka tumbo na unakuja nje.

"Mbovu kuliko yote," alisema. "Na umeshikana na wa jirani pande zote mbili. Huu ukianguka, unavuta safu nzima."

"Basi tusiuandike!"

"Bhoke. Sisi hatuandiki uongo. Tunatengeneza ukuta kwanza, halafu tunaandika ukweli."

Hayo maneno nimewaambia kila mmoja wenu aliyepita mikononi mwangu, na wengine mkaniona mwehu. Basi niliyapata pale.

Tukamwendea Bwana Mistari. Mzee Pastory alimwuliza jambo moja tu, kwa adabu zote: tukishabomoa, tutajenga kwa saruji gani? Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, Sirari hapapiti kitu, na mfuko wa saruji uliotokea ulikwenda shule kwanza. Bwana Mistari aliuma kalamu. Akasema atarudi mvua zikikatika. Akikuta safu imesimama salama, ataiacha mpaka saruji ipatikane. Akikuta hata ukuta mmoja wa hatari, anabomoa yote.

Mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilikuwa silali vizuri, nikisikia radi naona ule ukuta. Saruji hatuna, lakini mawe tunayo, na mimi nimetoka Natta najua namna ya kuyalaza. Udongo wa kichuguu na samadi kwa kujazia, basi. Kilichokosekana ni watu wa kuubomoa ule ukuta taratibu na kuujenga upya, mawe mengine mtu mmoja hanyanyui.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, nikamwambia atangaze kazi ya kujitolea ya kujenga taifa, kila nyumba itoe mwanaume mmoja. Alitangaza kwa sauti nzuri kabisa. Siku ya kazi nilifika alfajiri na kamba zangu na timazi. Akaja mlevi mmoja, naye alikuwa amepotea njia. Nilikaa juu ya jiwe nimelowa, nina hasira na nchi nzima. Mama Nyangi akatoka na kikombe cha chai, akanitazama, akacheka.

"Mwanangu, wewe si Mkurya? Umewaita kama karani wa kodi."

"Ningewaitaje?"

"Risaga haiitwi na serikali. Inaitwa na mwenye mji."

Nilijua risaga, nani asiyejua? Mtu ana shamba la kulima au nyumba ya kujenga, anapika pombe, anapeleka neno kwa watu wake, wanakuja, wanafanya kazi ya siku, wanakula wanakunywa, na kesho na yeye akiitwa anakwenda. Tatizo ni hilo la mwenye mji. Watu wakija kwenye risaga humsalimu kwanza mwenye mji, naye huwaonyesha kazi. Ukiitikia risaga ya mtu umekiri mji wake upo. Mama Nyangi kuoa mke, sawa, watu walikuwa wanajua. Lakini kusimama mbele ya wanaume mjini, awaite wabebe mawe kwa neno lake? Na alisema atapeleka neno mpaka Susuni, kwa shemeji.

"Huyo usimwite," nilimwambia. "Atakuja kuharibu."

"Asipokuja ndiyo ameharibu. Nitamwita."

Robi na wanawake wa mtaa walisaga ulezi, pombe ikachachuka, mtaa mzima ukanuka. Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa imepumzika. Mama Nyangi alikaa kwenye kiti barazani, amejifunga kanga mpya, hana jembe, hana ndoo, maana mwenye mji hashiki kazi siku hiyo. Mimi nilikuwa natembea kutoka nguzo mpaka nguzo. Akaja fundi saa na kinyozi. Wakaja vijana wawili watatu, wakasimama ng'ambo ya barabara wanatazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mzee Pastory, ambaye mila si zake, alikuwa amekaa pembeni na kijiko mfukoni.

Shemeji alifika na vijana wake, kundi zima, wana miti na kamba. Mzee mkavu, amevaa koti la jeshi. Alisimama mbele ya baraza. Alimtazama Mama Nyangi kitini, akamtazama Robi mlangoni na Chacha mgongoni. Mimi nikajisemea, sasa basi, imekwisha.

Akavua kofia.

"Mwenye mji," alisema, "hujambo? Kazi iko wapi?"

Sijui kilichomgeuza. Baadaye niliwahi kumwuliza, akanijibu ningojee nizeeke. Pengine aliona afadhali mji wa ndugu yake uwe mkononi mwa mwanamke kuliko ukafutwa na mtu wa mkoani. Mama Nyangi alinyoosha kidole kuelekea nyuma. "Huyu binti wa serikali atawaonyesha. Ana kelele, mzoeeni." Wale wa ng'ambo ya barabara wakavuka wote kwa pamoja.

Kazi ile nikiifikiria mpaka sasa damu inachemka. Tuliegemeza paa kwa magogo, tukatoa mawe kuanzia juu, hatua kwa hatua, tukayapanga chini kwa ukubwa. Nilipiga kelele kweli kweli. "Mura, hilo refu lilaze kukatisha! Likatishe! Siyo hivyo!" Wakanitania, "Mama Timazi," jina ambalo nimetembea nalo Tarime hadi leo. Mzee Pastory alipita na pima maji bila neno, na akitikisa kichwa jiwe linatolewa. Tulirudi siku nyingine tena na tena, pombe ikapikwa tena, mpaka ukuta ukafika kwenye bati. Mvua kubwa ikapiga. Ukuta haukusogea.

Bwana Mistari alirudi barabara zilipokauka. Aliteremsha timazi mwenyewe. Akaulizia nani amejenga, watu wakamwambia. Akatoa hotuba nzuri barazani kuhusu wananchi walioelewa ujamaa kwa vitendo, na shemeji wa Susuni akapiga makofi kuliko wote. Safu ikabaki. Jina la mpangaji wa nyumba ya katikati likaandikwa Mama Nyangi, na kaya yake chini yake: Robi, Chacha. Bwana Mistari alimwambia karani, "Andika tu kama anavyosema." Mama Nyangi alinishika mkono. Mimi nililia waziwazi, watu wakanicheka.

Saruji ilikuja kupatikana baada ya miaka mingi, na wakati huo Bwana Mistari alikuwa ameshahamishwa. Mama Nyangi alifariki akiwa mzee, amezikwa na wajukuu. Serikali ilipoamua kuwauzia wapangaji majumba, ile nyumba ikawa ya Chacha.

Juzi hapa Chacha alinijia nyumbani, akanikuta kwenye banda la kuku. Mtu mzima sasa, ana biashara ya vipuri na watoto wanaosoma. Alinipa shikamoo yake, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Mama, najenga ghorofa. Kibali nimepata."

Kibali hicho mmekitia sahihi ninyi. Siwalaumu. Mara ngapi niliomba safu ile iandikwe kuwa ya kuhifadhiwa, barua zikarudi, nyingine hazikurudi kabisa. Sheria haikumzuia, nanyi msingeweza kumzuia.

"Unajua nani alijenga ule ukuta?" nilimwuliza, na sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Mama Nyangi alinisimulia kila siku mpaka anakufa. Mama yangu Robi naye ananisimulia." Alitazama chini. "Marehemu alihangaika ili niwe na mahali pangu, nisimwombe mtu ruhusa. Sasa mama, nikuombe wewe?"

Jibu la hilo nimelitafuta tangu siku hiyo, huku nazunguka uani, na sijalipata. Alikuwa anasema kweli. Hicho ndicho tulichokipigania.

"Umekuja kufanya nini basi?"

"Nimekodi katapila. Jirani zangu wanasema likigusa ule ukuta, na zao zinaanguka. Wewe ndiye unayejua mawe yalivyoshikana."

Nilimtukana kidogo, kwa Kikurya, akavumilia. Nilimwambia katapila lirudi lilikotoka. Kisha nikachukua timazi, nikavaa viatu vya bapa, tukaenda.

Robi alikuwa amekaa barazani, ameupa ukuta mgongo, mzee sasa, mikono mapajani. Nilimsalimu akaitikia, hakugeuka. Nyuma vijana walikuwa wanasubiri na nyundo, wanataka kuanzia chini. Nikawafokea waweke nyundo chini. Waliegemeza paa la duka lililokuwa la muuza chumvi upande huu na la kinyozi upande ule, kama nilivyowaelekeza, nikapanda ngazi.

Nililijua jiwe la kwanza. Nikalikumbatia kwa mikono miwili, nikalitoa, nikampa Chacha.